Orodha ya vyuo vya Marekani: anza na vya chini, Harvard iandike mwisho

Kila mwezi wa nane ukiingia maswali huja yaleyale. Nielekeze kuaplai Harvard, ati MIT wanatoa skolashipu, ati Stanford wanataka alama ngapi, na mtu anakuja na orodha ya vyuo vinane ambavyo vyote ni vile majina yake yameandikwa kwenye fulana za mtumba. Akili anazo, KCSE kapata A, lakini orodha yenyewe imeshamwangusha kabla hajaandika sentensi ya kwanza ya insha. Na hili linaniuma sana kwa sababu katika safari hii yote kitu kimoja tu ndicho kiko mikononi mwako kabisa, nacho ni wapi unatuma maombi. Walimu watasema yao, kamati ya chuo itaamua yake, ubalozi nao una yao. Orodha ni yako.

Kwa hivyo mdogo wangu hebu twende nayo polepole. Naandika nikimfikiria mtoto wa Kenya aliyemaliza kidato cha nne na familia yake haina pesa za kumpeleka ng'ambo, maana wengi wanaouliza ndio hao, ila wa Tanzania, Uganda, Rwanda na hata waliokulia Muscat na Dubai watapata lao humu.

Hatua ya 1: kaeni kikao cha pesa nyumbani

Sio chuo kwanza, sio kozi kwanza, pesa kwanza. Chuo cha binafsi cha daraja la juu Marekani saa hii ukijumlisha ada, chumba, chakula, bima na vitabu unafika kati ya dola 80,000 na 95,000 kwa mwaka, na digrii ni miaka minne. Zidisha kwa shilingi uone mwenyewe. Sasa kaa na mama, kaa na baba, kama ni shangazi au mjomba ndiye aliyekuwa akikulipia karo kaa naye, uwaulize kwa adabu, kwa mwaka mmoja familia inaweza kutoa kiasi gani bila kuuza shamba wala kuwatoa wadogo zangu shuleni? Jibu likiwa sifuri ni sawa kabisa, andika sifuri. Likiwa laki mbili andika laki mbili. Usiandike namba ya kujionyesha wala namba ya kutafuta huruma, kwa sababu hiyo namba ndiyo itakayoamua chuo gani kiingie kwenye orodha na kipi kisiingie, na baadaye utaijaza kwenye fomu na uitolee ushahidi.

Fomu yenyewe vyuo vingi vinatumia CSS Profile. Inauliza kila kitu, mshahara, biashara, nyumba, akiba, madeni, na kama wazazi wametengana vyuo vingi vinataka habari za wote wawili, kwa hivyo kama baba hamjaongea naye miaka, anza kulishughulikia mapema, usingoje wiki ya dedlaini. Mzazi ambaye hana payslipu, mama anauza mboga Kongowea au baba ana shamba la mahindi, anaandika barua akieleza mapato yake ya mwaka kwa ukweli, unaongeza stetimenti ya M-Pesa na barua ya chifu (Tanzania ni ya mtendaji au serikali ya mtaa) na mambo yanaeleweka. Hao watu wa ofisi za msaada wamezoea kusoma habari za familia za namna zote, hawashtuki kuona mapato madogo, wanashtuka kuona namba zisizoshikana.

Hatua ya 2: vipange vyuo kwa jinsi vinavyomtazama mgeni asiye na pesa

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Kuna vyuo vichache mno ambavyo wakati wa kuchagua havitazami mfuko wa mwanafunzi wa nchi za nje hata kidogo, na wakikuchukua wanaziba pengo lote la gharama. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni wa siku nyingi, Dartmouth na Bowdoin wakajiunga 2022, na Brown wakaanza na wanafunzi walioingia 2025. Kwa mtoto wa sifuri hawa ni wema kweli kweli. Shida yao ni mlango, tutaufikia.

Kundi la pili wanautazama mfuko mlangoni, lakini ukishapita wanalipa pengo lote. Stanford wako humu, watu hushangaa wakisikia. Wako Columbia, Duke, Williams, Swarthmore, Pomona, Wesleyan, Vassar, Middlebury, Colby, Grinnell, Macalester, Skidmore, Lafayette, na vyuo vya wasichana kama Smith, Mount Holyoke, Bryn Mawr na Wellesley. Maana yake wana fungu la pesa la wageni, na fungu likiisha hata mtoto mzuri anaachwa. Familia inayoweza kutoa chochote ina nafuu kidogo hapa kuliko ya sifuri, huo ndio ukweli, lakini usije ukadanganya ukasema mtatoa dola 10,000 wakati hamna, kwa sababu watakuchukua halafu wakudai hizo 10,000 kila mwaka kwa miaka minne na hapo huna pa kukimbilia.

Kundi la tatu wanatoa skolashipu za alama na vipaji, na nyingi ni za sehemu tu. Hili kundi linaliza watu. Barua inakuja nzuri, hongera umepata dola 25,000 kwa mwaka, mtaa mzima unashangilia, harambee inaanza kupangwa, halafu ukisoma chini gharama ni 65,000. Hizo 40,000 zilizobaki ni zako wewe na mama yako. Chuo cha namna hii kinaingia kwenye orodha ya mtoto wa sifuri pale tu ambapo kina skolashipu kamili inayowapokea wageni, na hiyo unaihesabu kama ndoto, hata kama kuingia chuo chenyewe ni rahisi.

Kundi la nne ni vyuo vingi vya serikali za majimbo. UC Berkeley na UCLA ni vyuo vikubwa, hakuna anayebisha, lakini msaada wa kuangalia hali ya familia kwa mwanafunzi wa nje hawatoi. Kwa mwenye sifuri Berkeley sio ndoto hata, ni ada ya maombi iliyotupwa, na ninajua watoto wenye akili sana ambao walipeleka pesa za familia huko kwa sababu hakuna mtu mzima aliyewaambia.

Halafu kuna Berea, Kentucky, ambacho nakiweka peke yake. Wanafunzi wote hawalipi ada, kila mmoja anafanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki, na wageni wanaochukuliwa wanapewa ufadhili wa gharama zote za mwaka wa kwanza, kisha unaendelea kwa msaada wao na kazi yako mwenyewe. Ila nafasi za wageni ni chache sana na wanapenda kuzigawa kwa nchi nyingi, kwa hivyo usiseme Berea ndio pa uhakika.

Waliosoma UWC East Africa pale Moshi na Arusha, nyinyi mna mlango wa ziada, mpango wa Davis UWC Scholars unachangia pesa kwa vyuo vingi vya Marekani vikimchukua mhitimu wa UWC, tafuteni orodha ya vyuo hivyo kabla ya kupanga yenu. Na ule mpango wa ufadhili wa QuestBridge mnaouona TikTok ni ya raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani pamoja na wanaosomea sekondari kulekule. Kama uko Kisumu na pasipoti ya Kenya, iache.

Hatua ya 3: zielewe zile asilimia

Mwaka 2024 Harvard walipokea maombi 54,008 wakachukua watu 1,937, yaani hawafiki wanne kwa kila mia. Hiyo ni ya wote pamoja, Wamarekani, watoto wa waliosoma hapo, wachezaji, wote. Ya wageni ni nyembamba zaidi. MIT huchapisha takwimu zao wazi na kwa waombaji wa kimataifa ni karibu wawili kwa mia.

Sasa kuna hesabu moja watu wanaipiga na ni mbovu. Mtu anasema kila chuo kina asilimia 4, nikiaplai 12 napata karibu asilimia 48, lazima kimoja kijibu. Hapana. Hiyo ni faili yako moja inayosomwa na watu wanaotafuta vitu vinavyofanana. Kilichofanya Yale waiweke pembeni, insha ya juujuu, barua ya mwalimu yenye mistari mitatu, SAT (mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani) iliyopungua, ndicho hichohicho kitakachofanya Princeton na Brown waiweke pembeni pia. Vyuo 12 vya asilimia 4 vinaweza kukukataa vyote 12 na hakuna ajabu yoyote hapo, inatokea kila mwezi wa tatu kwa watoto waliokuwa wa kwanza katika kaunti nzima. Sio kwamba hawafai. Ni kwamba walirundika maombi yote kwenye mlango uleule.

Hatua ya 4: jifunze kusoma Common Data Set

Hii ndiyo siri ambayo mawakala wanakuuzia na iko bure. Karibu kila chuo kila mwaka kinatoa hati inayoitwa Common Data Set, unaandika jina la chuo na hayo maneno matatu kwenye Google, inakuja pdf. Ni ndefu na inachosha, wewe nenda sehemu chache tu.

C1 inakuonyesha walioomba na waliochukuliwa. C7 ni jedwali la wanachokitazama, alama, insha, barua za walimu, na kuna mstari wa kama wanajali ulivyoonyesha hamu ya chuo chao. Kama mstari huo umetiwa alama kwamba ni muhimu, hudhuria vikao vyao vya mtandaoni ukiwa umejisajili kwa imeli ileile utakayoombea, haigharimu chochote zaidi ya bando. C9 ni SAT za walioingia, jilinganishe, ukiwa chini ya ile robo ya chini basi hicho ni ndoto hata kama jina lake hujawahi kulisikia. C21 ni ya maombi ya mapema, nitaisema mbele.

Kisha H6. Huu ndio mstari wangu, ningeweza ningeubandika kwenye ukuta wa kila shule ya upili. H6 inasema kama chuo kinawapa wageni msaada, wageni wangapi walipata mwaka huo, na wastani ni dola ngapi. Tuseme unakuta wageni 180 wamepata na wastani ni 70,000 kwenye chuo cha gharama 88,000, hapo unajua wanalipa kweli. Ukikuta wastani ni 18,000, funga hiyo pdf, nenda kwa kingine. Dakika kumi kwa kila chuo, daftari moja, safu tano. Ukimaliza vyuo thelathini utakuwa unajua zaidi kuliko wengi wanaojiita washauri.

Hatua ya 5: sasa jenga orodha, na ujenge kutoka chini

Watu huanza na ndoto halafu saa sita usiku wa mwisho wanaongeza viwili vya chini bila hata kuvisoma. Geuza. Anza na vya uhakika, uje kwenye vya saizi yako, umalize na ndoto.

Chuo cha uhakika lazima kitimize mambo matatu kwa pamoja. Utaingia, utalipiwa, na ukienda utaenda kwa moyo mweupe. Likikosekana moja sio cha uhakika. Na kwa mtoto wa sifuri nasema waziwazi, ndani ya Marekani chuo cha namna hiyo ni kama hakipo. Kwa hivyo uhakika wako uko nyumbani au jirani. Mwenye A ya KCSE anapangiwa chuo na KUCCPS, mikopo ya HELB ipo, na udaktari wa Nairobi au uhandisi wa JKUAT sio adhabu, kuna watu wanalilia hizo nafasi. Makerere na Ashesi ya Ghana wana ufadhili wa Mastercard Foundation. Serikali ya Uturuki ina Türkiye Bursları, maombi kwa kawaida hufunguliwa Januari hadi Februari, yaani baada ya kumaliza ya Marekani, nayo ni ya ushindani pia kwa hivyo iweke saizi yako.

Hapa kuna mtego wa kalenda ambao Wakenya wengi hawaujui. KCSE unafanya Novemba, matokeo yanatoka Januari, dedlaini za Marekani zinaishia mwanzoni mwa Januari, kwa hivyo wengi huomba mwaka unaofuata, wanakaa nyumbani wakijiandaa. Katikati ya kukaa huko KUCCPS inakupa chuo na barua ya kuripoti. Ukiripoti ukaanza digrii, vyuo vingi vya Marekani vitakuhesabu kama mwanafunzi anayehama na sio anayeanza, na msaada wa wanaohama kutoka nje ni kidogo mno. Basi usiitupe nafasi ya nyumbani na usiikalie darasani, andikia chuo ukiomba kuahirisha mwaka, upate jibu kwa maandishi. Wa Tanzania nyinyi kalenda imewapendelea, mnaomba Marekani mkiwa fomu siksi, majibu yanafika Machi, mtihani Mei, matokeo Julai na ndipo vyuo vya nyumbani vinafungua dirisha, hampotezi kitu.

Na viza. Juni 2025 Marekani ilizuia viza za wanafunzi kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, na mwisho wa mwaka huohuo nchi nyingine za Afrika zikaongezwa. Kabla ya kulipa hata senti ya maombi ingia tovuti ya ubalozi wa Marekani uangalie hali ya pasipoti yako leo, sio ya mwaka jana. Hii ni sababu nyingine ya kuwa na mguu nje ya Marekani. NYU Abu Dhabi kwa mfano wanatoa msaada mkubwa kwa mwenye shida na haihitaji viza ya Marekani kuanza, ingawa ni ndoto kama ndoto nyingine, mlango wake ni mwembamba sana.

Vya saizi yako ndio moyo wa orodha, na hapa nakuomba uache mambo ya majina. Mwaka 1960 Wangari Maathai alipopelekwa Marekani na zile ndege za wanafunzi hakwenda chuo chochote cha fulana, alikwenda Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha masista kule Atchison, Kansas, akasoma baolojia akamaliza 1964, kisha akaenda Pittsburgh kufanya masters. Kofi Annan alimaliza Macalester 1961, chuo kidogo cha Minnesota ambacho nusu ya mnaosoma hapa mmekisikia mara ya kwanza kwenye aya zangu za juu. Vyuo hivi vidogo vina madarasa ya watu 15, profesa anakujua kwa jina, na vingi vina hazina ya pesa kubwa ukilinganisha na idadi ya wanafunzi wao, ndio maana Grinnell iliyozungukwa na mashamba ya Iowa inaweza kumlipia mtoto wa Turkana na chuo cha serikali chenye wanafunzi 40,000 kikashindwa.

Wasichana, mna milango ambayo kaka zenu hawana. Mount Holyoke, Smith na Bryn Mawr wanachukua asilimia kubwa zaidi ya hao wa Ivy (kina Harvard, Yale na wenzao) na wanalipa pengo lote. Msivikatae kwa sababu ya jina la chuo cha wasichana, wengi wenu mmetoka shule za bweni za wasichana na mlifanya vizuri.

Mfano wa orodha, binti wa Kwale mwenye A, SAT 1430, familia sifuri, anapenda kemia. Chini: nafasi ya KUCCPS iliyoahirishwa, Ashesi, Makerere na Mastercard. Saizi yake, nikijua kwamba kwa sifuri hata hivi ni vigumu: Mount Holyoke, Smith, Bryn Mawr, Macalester, Skidmore, Lafayette, Berea. Ndoto: Amherst, Yale, NYU Abu Dhabi. Jumla 13. Common App (fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi) inaruhusu hadi vyuo 20 lakini kila kimoja kwenye hivi vya kuchuja sana kinataka insha zake za ziada, na insha ya kumi na sita huwa inanuka uchovu. Kumi hadi kumi na tatu zinatosha.

Hatua ya 6: amua kama utaomba mapema

Kwenye fomu utaona herufi ED. Hiyo ni kuomba mapema kwa kujifunga, chuo kimoja tu, dedlaini Novemba 1 au 15, jibu katikati ya Desemba, wakikuchukua unaenda na unaondoa maombi mengine yote. Vyuo vingi vidogo hujaza karibu nusu ya darasa kwa njia hii, fungua ile C21 ulinganishe waliochukuliwa mapema na wa kawaida, mara nyingi tofauti ni kubwa. Na msaada usipotosha familia kumudu, unaweza kuachiliwa bila ugomvi.

Ushauri wangu, tumia ED yako kwenye chuo cha kundi la pili unachokipenda kweli, kwa sababu fungu la pesa la wageni mwezi wa kumi na moja bado limejaa na mwezi wa tatu limebaki makombo. Harvard, Yale, Princeton na Stanford wana ya mapema isiyofunga lakini inakuzuia kuomba mapema kwenye vyuo vingine vya binafsi, ukiipeleka huko umetumia nafasi yako ya mapema kwenye mlango mwembamba kuliko yote. Kuna ED ya pili pia, dedlaini zake ni Januari, kwa aliyekosa ya kwanza.

Hatua ya 7: karatasi na watu wa kuziandika

SAT usiibahatishe. Baada ya korona vyuo vingi viliiacha, lakini MIT wakairudisha 2022 na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown, Caltech na Harvard wakatangaza kuidai tena (Yale wanakubali pia mitihani mingine kadhaa kama IB). Inafanywa kwa kompyuta sasa, mazoezi ya Khan Academy ni bure, fanya mapema ili ubaki na nafasi ya kurudia. Kiingereza kuna IELTS, TOEFL na Duolingo ambayo unafanyia nyumbani na ni nafuu, ila waandikie kwanza uwaulize kama wanakusamehe kwa kuwa umesoma kwa Kiingereza, wengi husamehe.

Shule nyingi za kwetu hazina mshauri wa vyuo, kwa hivyo ile sehemu ya mshauri kwenye Common App anaijaza prinsipali au deputi. Nenda mwenyewe, mwamkie, mweleze kwa utulivu, na usimtumie linki tu ukaondoka. Kaa naye kwenye kompyuta ya ofisi mpaka fomu iishe, pakia ripoti kadi za kidato cha kwanza hadi cha nne zenye muhuri. Mwalimu wa kukuandikia barua mchague anayekujua, hata kama sio mkuu wa idara, na umkumbushe kwa karatasi yale mliyofanya pamoja, ile kongamano la sayansi, ile maabara mliyopanga, maana barua ya "ni mwanafunzi mtiifu na mwenye bidii" haisaidii mtu.

Ada za maombi ni kama dola 60 hadi 90 kwa chuo. Smith, Wellesley na Colby hawatozi, wengine waandikie imeli fupi ya heshima ukiomba msamaha, familia haiwezi, wengi hukubali. CSS Profile ni dola 25 cha kwanza na 16 kila kinachoongezeka, na hapo pia vyuo vingi ukiwaomba wanakupa msamaha au fomu nyingine ya bure.

Msaada wa kweli upo na ni bure. Ofisi ya EducationUSA Nairobi, KenSAP ambao tangu 2004 wanawaandaa watoto wa Kenya wenye alama za juu na mahitaji, Zawadi Africa kwa wasichana, Equity Leaders Program kwa waliofanya vizuri kwenye KCSE. Anayekuambia lipa laki tatu nikupe nafasi Yale, kimbia. Mwaka 2019 Marekani kwenyewe walimshtaki Rick Singer aliyekuwa akiuza nafasi kwa matajiri kwa hongo, 2023 akahukumiwa miaka mitatu na nusu, na baadhi ya watoto wa waliolipa wakafukuzwa vyuoni.

Hatua ya 8: majibu yakija

Ya kawaida hutoka Machi kuelekea mwisho, na mwisho wa kujibu ni Mei 1. Usishangilie barua ya kwanza, fungua ile ya pesa. Chukua gharama yote ya mwaka, toa kile tu ambacho ni zawadi, usitoe mkopo wala mshahara wa kazi ya chuoni ambao bado hujaufanyia kazi. Kinachobaki linganisha na ile namba ya kikao cha nyumbani. Uliza kama bima na nauli zimo, kama msaada unaongezeka ada ikipanda, kama unaendelea miaka yote minne na kwa alama gani. Pengo likiwa dogo andika barua ya kuomba waangalie tena, na kama kuna chuo kingine cha aina hiyohiyo kilichokupa zaidi ambatisha barua yake. Amana ya kushikilia nafasi nayo inasamehewa ukiomba.

Ukishakubali, chuo kinakutumia I-20 (karatasi ya kuombea viza ya mwanafunzi), unalipa SEVIS (ada ya kusajili wanafunzi wageni) dola 350 na viza dola 185, unaomba siku ya mahojiano haraka maana foleni za Nairobi huwa ndefu Juni hadi Agosti, na pasipoti iwe imeshatoka eCitizen zamani. Siku hiyohiyo ya kukubali waandikie vyuo vingine vilivyokuchukua uwaambie huendi, kwa sababu hiyo nafasi na pesa zake kuna mtoto mwingine kwenye orodha ya kusubiri ambaye hawezi kuitwa mpaka wewe useme.